Msikilize Isshin: namna ya kumwangusha bosi wa mwisho wa Sekiro

Ilikuwa saa nane usiku. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, padi mkononi, namtazama mzee mmoja akinichoma mkuki kwa mara ya thelathini na kitu. Hapo katikati niliacha kuhesabu. Mpwa wangu, aliyekuja kwetu likizo na ambaye kwa saa ile alitakiwa awe amelala, akasema kutoka gizani: "Mjomba, mbona unamkimbia? Kila ukimkimbia ndiyo anakupiga."

Nilimwambia akalale. Ila maneno yake yaliniganda kichwani kutwa nzima, na jioni nilipowasha tena mashine nikaamua kufanya alivyosema: nisirudi nyuma hata hatua moja. Nilikufa, tena upesi. Lakini kwa mara ya kwanza niliona ule mstari wa njano ulio juu ya kioo, mizani ya yule mzee, ukijaa hadi karibu na ukingo. Siku tatu baadaye alianguka. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla ya usiku wote ule.

Gemu yenyewe ni Sekiro: Shadows Die Twice, kazi ya kampuni ya FromSoftware ya Tokyo chini ya mwongozaji Hidetaka Miyazaki. Ilitoka tarehe 22 Machi 2019 kwa PlayStation 4, Xbox One na kompyuta za Windows. Mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards, na kufikia 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Haina kiwango cha rahisi wala cha wastani. Mtoto wa miaka kumi na mtu mzima mwenye vidole vyenye ganzi wanakutana na bosi yuleyule mwenye nguvu zilezile. Wapo wanaosema huo ni uonevu, na kwa mchezaji mwenye ulemavu wa mikono nadhani wana hoja. Sisi wengine tumebaki na kazi moja, kujifunza.

Ambaye hajafika mwisho na hataki kuharibiwa hadithi aishie hapa.

Unacheza kama shinobi mwenye mkono mmoja, anayeitwa Mbwamwitu, katika nchi ya kubuni iitwayo Ashina, mwishoni mwa enzi za vita za Japani zinazojulikana kama Sengoku. Isshin Ashina ndiye aliyeitwaa nchi hiyo kwa upanga wake. Unapokutana naye kwenye hadithi ni mzee mgonjwa, mcheshi, mpenda pombe, na anakupenda. Kisha anafariki. Mjukuu wake Genichiro, aliyekukata mkono mwanzoni mwa gemu kwenye uwanja wa nyasi ndefu nyeupe, anakungoja mwishoni kwenye uwanja uleule. Ukimshinda anajichinja kwa upanga mweusi, na kutoka mwilini mwake anachomoza babu yake, si yule mgonjwa tena, bali Isshin wa siku zake za nguvu. Huyo ndiye bosi wa mwisho katika miisho mitatu kati ya minne. Ukichagua mwisho wa nne, ule wa kumsaliti bwana wako mdogo, mtoto unayemlinda, utapigana na Isshin yule mzee juu mnarani, na hayo ni mapambano mengine kabisa ambayo makala hii haiyagusi.

Hesabu basi: Genichiro mara moja, Isshin mara tatu. Mapigo manne ya kumaliza, bila kituo cha kupumzika katikati. Ukifa kwenye raundi ya nne unarudi kwa Genichiro.

Kabla hujaingia uwanjani

Anza na runinga. Najua inaonekana kama kisingizio cha mtu aliyeshindwa, lakini wiki yangu nzima ya kwanza ilipotea kwa sababu hii. Runinga nyingi za kisasa huichakata picha kabla ya kuionyesha: zinalainisha mwendo, zinang'arisha rangi, na kazi hiyo inachukua muda. Ukitazama tamthilia huoni tofauti. Ukicheza gemu inayotaka ubonyeze kitufe upanga unapogusana na upanga, unachokiona kimeshapita. Fungua mpangilio wa picha, tafuta hali iliyoandikwa Game, iwashe, kisha zima kila kitu kinachosema kinalainisha mwendo. Rangi zitafifia kidogo. Zikubali. Nilipofanya hivyo nilimpangulia Genichiro mapigo manne mfululizo, nikadhani labda amepunguzwa nguvu.

Padi nayo iangalie. Zile zilizopita mikono mingi kwenye vibanda vya gemu huwa na kijiti kinachojivuta chenyewe upande mmoja. Kwenye mpira unaweza kuvumilia, beki akikengeuka kidogo unamrudisha. Hapa, kijiti kikikuvuta nyuma wakati unataka kuukanyaga mkuki, umechomwa. Ukiweza, vaa hedifoni. Sababu yake inakuja.

Ndani ya gemu yenyewe, pitia mfuko wako uone kama umebeba kitu kiitwacho Bell Demon. Hicho hukujia ukigonga kengele fulani iliyofichwa kwenye hekalu la Senpou, na kazi yake ni kuwapa maadui nguvu zaidi ili nao wakupe zawadi bora. Wengi huigonga kwa udadisi, wakasahau, wakafika kwa Isshin wakiwa bado wanalipa deni hilo. Kitumie kitu hicho na ugumu unaondoka.

Shanga za sala ziko 40, na kila nne zinakuongezea damu na mizani. Kibuyu cha dawa kinaweza kufika michoto 10. Huhitaji kukusanya vyote, ila ukifika na kibuyu cha michoto mitano jua umejiongezea mzigo mwenyewe; rudi ukatafute mbegu za kibuyu zilizobaki, ndizo zinazoiongeza michoto. Hakikisha umejifunza Mikiri, ile mbinu ya kuikanyaga silaha inayokuja kukuchoma. Bila hiyo raundi ya mkuki ni mateso matupu.

Na pesa. Ukifa moja kwa moja unapoteza nusu ya pesa ulizonazo na nusu ya uzoefu uliokusanya kuelekea pointi inayofuata. Nenda kwa wachuuzi ununue vifuko vya pesa, maana pesa iliyo ndani ya kifuko haipotei. Uzoefu usogeze hadi ugeuke pointi kamili, kwa sababu pointi ukishaipata ni yako. Ukishafanya hayo mawili kifo hakikugharimu kitu kikubwa, na mtu asiyeogopa kufa hucheza vingine kabisa. Vidole vinalegea.

Jambo dogo la mwisho kabla ya vita: tofauti na gemu nyingine za kampuni hii, Sekiro inakubali kusimamishwa. Mtoto akilia, ugali ukitaka kuungua, bonyeza kitufe cha kusimamisha hata kama mkuki uko hewani. Atakungoja.

Mizani, wala si damu

Tumezoea gemu ambazo bosi ana damu nyingi nawe unaipunguza kidogo kidogo huku ukikimbia: piga moja, ruka pembeni, piga moja, kimbia. Kwa Isshin mtindo huo utakufikisha raundi ya mkuki ukiwa umechoka, kisha atakumaliza.

Juu ya kioo, katikati, kuna mstari unaotanuka kutoka katikati kwenda pande zote mbili. Huo ndio mizani yake. Ukijaa, kitone chekundu kinatokea mwilini mwake, unabonyeza R1, kitufe cha kushambulia, na raundi imekwisha, hata kama damu yake bado ipo nusu. Kila unapoupangua upanga wake mizani inajaa. Kila unapompiga inajaa pia, hata akikinga. Ukimwachia nafasi ya kupumua inashuka.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoona kile ambacho mimi sikukiona. Kila nilipokimbia kwenda kunywa dawa, au "kujipanga" kama nilivyojidanganya, nilikuwa nampumzisha yeye.

Damu nayo ina kazi yake, ila si ile tuliyozoea. Adui mwenye damu tele mizani yake hushuka haraka, na damu ikipungua inashuka polepole. Kwa hiyo mwanzoni mwa raundi unamjeruhi ili kumchosha, na kuanzia karibu nusu ya damu ndipo unamganda bila kumwachia. Ukijua hili hutavunjika moyo ukiona mizani imeshuka mwanzoni. Hapo bado unachimba msingi.

Na mizani yako, ile iliyo chini ya kioo? Kuna mambo mawili ambayo gemu haikazii vya kutosha. Kwanza, ukishikilia L1, kitufe cha kukinga, bila kupigwa, mizani yako inashuka haraka zaidi kuliko ukisimama mikono chini. Pili, mizani yako ikiwa imejaa pomoni, ukipangua sawasawa huanguki. Unaanguka ukikinga tu kwa uzembe au ukipigwa. Kwa hiyo ukiona mstari wako umekuwa mwekundu usikimbie. Pangua pigo linalofuata, hata kama mwili wako wote unakuambia ukimbie.

Kupangua ninakokusema ni kule kwa golikipa: mpira haudakwi, unaondolewa njiani kwa kiganja. Unabonyeza L1 upanga wake unapofika kwako, si kabla. Ukishikilia kitufe tangu mwanzo unakinga tu, na mizani inayojaa ni yako. Ukikibonyeza ovyo ovyo kama mtu anayeita lifti, gemu inakubana: kila mbonyezo wa haraka unaufanya muda wa kupangua uwe mfupi zaidi. Bonyeza, achia, bonyeza. Mara moja kwa kila pigo.

Masikio

Lamu kuna ngoma ya kirumbizi. Watu wawili wanaingia katikati ya duara na fimbo zao, ngoma na zumari zinapigwa, mmoja anapiga, mwingine anakinga, na mtazamaji mgeni hudhani wanataka kuumizana. Ukikaa karibu unagundua kwamba anayecheza vizuri anapiga na kukinga ndani ya mdundo. Asiyeusikia anachelewa, na fimbo inamkuta.

Sekiro imejengwa hivyo. Upanga ukikingwa tu unatoa mlio mzito, mfu. Ukipanguliwa unatoa mlio mkali, wa juu, na cheche kubwa. Tofauti hiyo iko pande zote mbili: unaisikia unapopangua wewe, na unaisikia anapokupangulia yeye. Hii ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Unampiga Isshin, anakinga, mlio mfu. Unampiga tena, mlio mfu. Unampiga tena, ghafla mlio mkali. Maana yake ni kwamba sasa zamu ni yake, na pigo linakuja. Acha kushambulia muda huohuo, kidole kwenye L1.

Kanuni nzima ya pambano ni hiyo: piga hadi usikie mlio mkali kutoka kwake, halafu pangua hadi amalize, halafu piga tena. Wanaoanza huongeza pigo moja baada ya mlio mkali, kwa tamaa, na hilo moja ndilo linalowaua. Nilizima muziki kwenye mpangilio wa sauti nikaacha milio tu, nikacheza usiku mmoja hivyo. Jaribu. Ni kama kusoma kitabu baada ya mtu kuzima redio.

Raundi nne

Genichiro ni kipimo. Ukifikia kiwango cha kumshinda bila kunywa dawa, au kwa mchoto mmoja, uko tayari kwa babu yake. Ukitumia mitano, bado. Wengi wanamchukia kwa kuwa analazimika kurudiwa kila mara, na mimi nilimchukia, lakini ndiye anayekupasha moto vidole. Mgande. Akirudi nyuma kuuchaji upanga mweusi, usisimame mbele yake kusubiri. Zunguka pembeni, mpige akimaliza.

Kisha Isshin anatoka, na raundi ya upanga inaanza. Hii ndiyo safi kuliko zote, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Hana hila, ana upanga tu. Jifunze mambo mawili. La kwanza, akiurudisha upanga alani na kutulia kidogo, kinachofuata ni mikato miwili ya haraka kama umeme. Ukimwona ametulia hivyo usidhani amechoka. Ondoa kidole kwenye R1, subiri, kisha pangua mara mbili: ta-ta. Ukiipangua yote miwili mizani yake inaruka, nawe unajisikia umezaliwa Ashina. La pili ni yale mapigo mazito ya juu kwenda chini, upanga ukiinuliwa kichwani. Yako polepole, kwa hiyo utabonyeza mapema. Ngoja.

Raundi ya tatu anauchomoa mkuki ardhini na bastola kiunoni, na hapa ndipo wengi tunakaa siku nyingi. Mkuki ni mrefu, hivyo umbali uliouzoea haukusaidii tena: ukirudi nyuma hatua tatu bado uko kwenye ncha yake, na ukienda mbali zaidi anapiga risasi. Usalama pekee ni kifuani kwake. Akikushambulia mfululizo kwa mkuki ukiwa ndani ya urefu wa mti wake, mapigo yanakufikia kwa utaratibu unaoweza kupanguliwa. Risasi nazo zinapanguliwa kama upanga, ila ukiwa na ule mwavuli wa chuma unaofungwa kwenye mkono wako wa bandia, ufungue zikianza na uendelee kusogea.

Sasa ile herufi nyekundu ya Kijapani inayowaka juu ya kichwa chako pamoja na mlio wa onyo. Maana yake ni pigo lisilokingika, na huyu bwana ana aina mbili za kukusumbua. Akikuchoma, bonyeza kitufe cha kukwepa bila kugusa kijiti, au ukisukume kuelekea kwake, na mguu wako utaikanyaga ncha ya mkuki. Hiyo ni Mikiri, na inamjaza mizani kuliko karibu kila kitu kingine. Akipiga ngwala, yaani mkuki unafagia chini, ruka, na ukiwa hewani juu yake bonyeza kuruka tena ili umkanyage kichwani.

Shida ni kuzitofautisha. Herufi haikuambii ni ipi. Utafanyaje? Utayaambia macho yako yaache kuitazama herufi. Tazama mkuki: ncha ikivutwa nyuma huku ikikuelekea, anachoma, mwili ukijikunja chini na mkuki ukaenda ubavuni, anafagia. Nilijipa jioni nzima ya kutoshambulia kabisa kwenye raundi hii. Nilisimama tu mbele yake nikisema kwa sauti, "kuchoma," "ngwala," "kuchoma," na mpwa wangu akawa refa, anasahihisha. Nilikufa mara kumi na kitu. Kufikia saa nne usiku sikuwa nakosea tena. Ukijikuta huna uhakika kabisa, kumbuka kwamba pigo la kuchoma, ingawa halikingiki, linaweza kupanguliwa kwa L1 iliyobonyezwa kwa wakati. Ngwala haipanguliki.

Kunywa dawa kwenye raundi hii kuna wakati wake. Usinywe ukiwa mbali na yeye akiwa huru, kwa sababu kibuyu kikiinuliwa bastola nayo inainuliwa. Kunywa mara baada ya pigo la kumaliza, anapokuwa bado anainuka kwa raundi mpya. Muda huo ni zawadi, na wengi wanaupoteza kwa kushangilia. Vilevile ukifa mara moja ukajifufua, maana gemu inakuruhusu kuinuka tena papo hapo, ufufuo uliobaki hufungwa hadi utoe pigo la kumaliza lingine. Hivyo ukiwa umebakiza damu kidogo na mizani yake imekaribia kujaa, endelea kushambulia. Hilo pigo moja litakufungulia maisha.

Raundi ya mwisho anaongeza radi, na watu huiogopa kuliko wanavyopaswa. Ni mkuki uleule, risasi zilezile, pamoja na zawadi moja. Akiruka na silaha ikawaka radi, ruka na wewe. Radi ikupate hewani, kisha bonyeza R1 kabla miguu haijagusa ardhi. Radi yote inamrudia, anatetemeka, na unapata nafasi ya kumpiga bila majibu. Sharti ni moja: ukiguswa na radi umesimama ardhini, utaumia vibaya sana. Niliwahi kumaliza raundi hii kwa radi mbili tu, wakati ile ya mkuki iliniibia siku nne.

Mafunzo, na lini uache

Usiingie kila mara kwa nia ya kushinda. Ingia na somo moja. Leo ni mikato miwili baada ya ala. Kesho ni kutofautisha kuchoma na ngwala. Ukilipata somo la siku halafu ukafa, zima mashine ukiwa na furaha. Kuna jambo nililoligundua kwa kujitazama: jaribio la tano na la sita huwa bora, la kumi na tano huwa baya kuliko la kwanza. Hasira inafanya kidole kibonyeze mapema. Ukifa kwa Genichiro mara tatu mfululizo, yule uliyekuwa unampita umefumba macho, akili imechoka. Ondoka. Kunywa maji.

Kama bado hujaizoea Mikiri, nenda kwenye hekalu bovu unakozindukia baada ya kukatwa mkono, kuna Hanbei asiyekufa, mtu wa kufanyia mazoezi. Anachoma na kufagia kwa kuombwa, wala halalamiki. Na maboresho ya Oktoba 2020 yaliongeza nafasi ya kurudia mabosi uliokwisha kuwashinda ukiwa kwenye sanamu za kupumzikia. Mrudie Genichiro wa mnarani, yule unayepigana naye katikati ya gemu, mara chache, kwa sababu naye ana kuchoma, ngwala na radi. Ni darasa la Isshin kwa bei nafuu, na hakuna anayekurudisha mwanzo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni la ujanja: kumzunguka kwa kukimbia hadi aruke, kumpiga moja, kukimbia tena. Upo, na unafanya kazi hasa raundi ya upanga. Sitamdharau anayeutumia, gemu ameinunua kwa pesa yake. Nasema tu kwamba utachukua muda mrefu sana, na ukifika kwenye mkuki utakuwa hujajifunza chochote cha kukusaidia, kwa sababu ulikuwa unakimbia.

Usiku alipoanguka nilikuwa na mchoto mmoja wa dawa. Aliruka na radi, nikaruka, nikamrudishia, nikamganda, na katikati ya mapigo nikausikia mlio mkali, nikaacha, akachoma, nikakanyaga mkuki. Kitone chekundu. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nilikaribia kukikosa kitufe. Baada ya hapo unakwenda kwa bwana wako mdogo kuchagua mwisho, na vitu ulivyokusanya ndivyo vinavyoamua ni miisho ipi itakuwa wazi kwako, hivyo hakikisha umevikamilisha kabla hujaingia uwanjani.

Nilimwamsha mpwa wangu kumwonyesha. Akatazama kioo, akanitazama, akachukua padi na kunitaka nimfungulie nafasi yake mwenyewe aanze gemu upya. Saa hiyo ilikuwa saa kumi alfajiri. Genichiro wa mwanzo, yule ambaye karibu kila mtu anapigwa naye, alimkata mkono baada ya kama dakika moja. "Sikukimbia lakini," akasema.